Kuamka kwa Mnyama Aliyepoa

Wakati wa kiangazi, tangu Desemba mpaka mvua za kwanza, wadudu huwa wachache katika nyasi zilizokauka kati ya Arua na Koboko. Ndipo kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba (si nungunungu, ambaye ni mkubwa na hula mizizi), huweza kujificha shimoni au chini ya majani makavu akalala siku nyingi. Ukimwona amejikunja kama mpira, mwili baridi, pumzi haionekani, utasema amekufa. Hakufa. Amepunguza moto wa mwili wake ili akiba yake ya mafuta isiishe upesi.

Kulala hivyo si kazi kubwa. Kazi ni kuamka, nako huelezwa mara chache.

Wataalamu wamewachunguza zaidi kindi wa ardhini wa Amerika ya Kaskazini, walalao miezi mingi ya baridi kali. Kindi akiwa macho, mwili wake una joto la digrii 37 hivi, na moyo hupiga mara mia kadhaa kwa dakika. Alalapo, joto hushuka hata kufika digrii 5 au chini yake, na moyo hupiga pungufu ya mara 10 kwa dakika. Sasa atapataje joto tena, na huko nje kuna theluji?

Ubongo hupeleka amri kwa mishipa ya fahamu, nayo huyaamsha mafuta ya namna ya pekee, yenye rangi ya kahawia, yaliyo katikati ya mabega na kandokando ya shingo. Mafuta meupe, kama yale tuyaonayo katika nyama ya mbuzi, ni ghala tu. Haya ya kahawia ni jiko. Huungua ndani ya mwili na kutoa joto bila misuli kutikisika hata kidogo. Conrad Gessner wa Uswisi aliyaandika mwaka 1551, ingawa kazi yake hakuijua.

Damu ipitayo hapo hupata moto, ikaenda kwanza moyoni, mapafuni na ubongoni. Mishipa ya damu ya nyuma hubanwa, hata kifua kikawa vuguvugu hali miguu ya nyuma ingali baridi. Mwenye kuni chache hapashi moto nyumba nzima! Baadaye misuli nayo huanza kutetemeka, moyo hukimbia, damu huachiwa iende nyuma, na baada ya saa 2 au 3 mnyama amesimama.

Kindi huyo haamki mara moja tu kwa mwaka. Huamka kila baada ya wiki moja mpaka tatu, akakaa macho saa kadhaa, kisha akalala tena. Kwa nini, wataalamu wangali wanabishana. Lakini hesabu ya mafuta haina ubishi: kuamka huko kwa muda mfupi hula zaidi ya nusu ya akiba yote ya majira ya baridi. Mwaka 2006, katika jimbo la New York, Marekani, walionekana popo wenye ukungu mweupe puani. Ukungu huo huwaamsha mara nyingi kupita kiasi. Mafuta huisha kabla wadudu hawajarudi, na mamilioni ya popo wamekufa.

Katika nchi za joto jua huweza kulipa sehemu ya deni. Mwaka 2004 zilitangazwa habari za lemuri mdogo wa Madagaska, jamaa ya komba, mwenye mkia mnene wa mafuta, alalaye miezi 7 katika tundu la mti. Tundu likiwa na kuta nyembamba, joto la mwili wake hupanda na kushuka pamoja na hewa, mchana likapita digrii 30, wala hana haja ya kuwasha jiko lake. Mwenzake aliye katika mti mnene hana budi kuamka mara kwa mara kwa mafuta yake mwenyewe. Huko Australia nako, popo wadogo walalao chini ya magome ya miti huliachia jua liwapashe moto. Mwanafunzi atakayechunguza popo wa chini ya mabati yetu ana kazi nzuri mbele yake, ila asiwashike kwa mikono, maana huweza kuwa na magonjwa mabaya.

Naye kalunguyeye? Mnyama aliyepoa huamshwa hata kwa kuguswa tu. Akitolewa shimoni Januari ili achezewe, atafumbua macho kweli na watoto watafurahi. Lakini jioni atakuwa nyikani pasipo wadudu, na mafuta yamepungua. Afadhali arudishiwe majani yake juu, katika kivuli kile kile alichokichagua.