Bao la Kujifunza na Hekaya za Mezani

Apitaye jioni katika vijiji vya Marambo, nchi ile ya Nachingwea na Ruangwa, aghalabu hukuta chini ya mwembe au mkorosho ubao wa bao umezungukwa na watu, na akisimama kidogo kusikiliza hutambua kwamba mbali na kete kuna mchezo wa pili wa maneno, ambao watazamaji nao wana fungu lao ndani yake. Mgeni huvutiwa akatamani kuketi. Lakini lau ataanza kufunzwa papo hapo habari za kunamua na mtaji, za nyumba na kichwa na kimbi, za kula na kutakata, yamkini ataaga kwa adabu akaenda zake, akiamini kwamba mchezo ule si wa mtu kama yeye.

Wajuzi wa zamani waliliona jambo hilo, wakatuachia bao la kujifunza. Katika bao la kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, naye huziingiza moja moja kwa masharti mengi. Bali katika bao la kujifunza kete zote 64 hutandazwa mbili mbili katika mashimo 32, na mchezo huanza mara moja. Mwanafunzi hula na huliwa, hukosea na husahihishwa, na kila kaida humjia siku anapoihitaji, wala hatwishwi zote kabla hajaonja utamu.

Nimetanguliza habari ya bao kwa kuwa nataka kusema juu ya mchezo mwingine, ambao wapenzi wake wengi ulimwenguni wamekuwa wakiusimamisha nyuma ya mlango mzito: nao ni mchezo wa hekaya za mezani. Watu watatu, wanne au sita huketi pamoja. Mmoja wao huwa msimulizi, na kila mmoja wa waliosalia hujichagulia mtu wa kubuni, akanena na kutenda kwa niaba yake. Msimulizi hueleza mahali na tukio, kisha huuliza, “Unafanya nini?” Jibu likiwa na shaka, kama mtu ataka kuruka mto uliofurika, dado hurushwa ili bahati ihukumu, na hekaya huendelea kutoka hapo. Mshindi hakuna; faida ya wote ni kisa kilichozaliwa kati yao, ambacho hata msimulizi hakujua kitaishia wapi.

Asili yake ni michezo ya vita. Mwaka 1824 jeshi la Prussia lilipokea mchezo wa ramani wa kuwafunza maofisa, nao ulikuwa na hesabu na majedwali mengi hata ukawachosha watu, mpaka mwaka 1876 ofisa Julius von Verdy du Vernois alipoziondoa kaida nyingi na kumwachia hakimu mzoefu uamuzi. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa huko Marekani, katika mji wa Lake Geneva, mchezo uitwao Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu katika kasha moja, nakala 1,000 za mwanzo. Vijitabu hivyo viliandikwa kwa watu waliokwisha kuzoea michezo ya vita, na mgeni alipotea ndani yake. Kwa hiyo mwaka 1977 J. Eric Holmes alitengeneza toleo la wanaoanza, na mwaka 1983 Frank Mentzer akapiga hatua nzuri zaidi, akamtia msomaji ndani ya kisa tangu kurasa za mwanzo, kaida zikimfuata njiani. Hilo ndilo bao la kujifunza kwa sura nyingine. Hata hivyo vitabu vikuu vya mchezo huo leo ni vitatu, kila kimoja kimepita kurasa 300, tena vya bei kubwa. Na mkulima wa ufuta au mwalimu wa shule ya msingi hana kisa cha kuvingoja.

Tuchukulie, basi, jioni moja Nachingwea, msimu wa korosho umekwisha. Kibarazani wameketi bibi, mjomba na wajukuu wawili; dado hakuna, kitabu hakuna, ila kipo kikapu cha komwe za bao. Mjukuu mkubwa ndiye msimulizi, naye amechagua kisa ambacho nchi yao yenyewe imekibeba, yaani ule mpango wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukafyeka misitu kwa matingatinga, ukajengewa reli kutoka Mtwara, kisha ukaachwa mwaka 1951.

“Mwaka ni 1948,” asema. “Tingatinga limesimama ukingoni mwa makaburi ya wazee wenu, na mkalimani anasema kesho asubuhi litapita. Bibi, wewe hapa ni nani?”

“Mimi mfinyanzi.”

“Unafanya nini, bibi?”

Bibi anafikiri. “Namwendea huyo mkalimani, namwuliza kama mama yake yu hai.”

Msimulizi asimwambie kwamba ametoka nje ya mchezo, maana sasa ndipo ameingia. Je, mkalimani atalainika? Msimulizi hufumbata komwe kadiri mkono unavyozoa, huuliza, “Shufwa au witiri?” Bibi hutaja witiri, komwe huhesabiwa sakafuni, zikawa saba, mkalimani huketi kitako na kuanza kusema. Kwa tendo hilo moja bibi amejua kaida ya kwanza, iliyo kubwa kupita zote, kwamba penye shaka bahati ndiyo huhukumu, wala hakuna aliyemfundisha.

Kaida ya pili itakuja wakati wake: jambo likihusu udongo, mfinyanzi akikosa hukisia tena, kwa kuwa ujuzi ni nusu ya bahati. Ya tatu ni ya kuwahurumia wenye shughuli: kila hekaya imalizike usiku uleule, na asiyehudhuria usiku wa pili, mtu wake ahesabiwe amesafiri Lindi, asilaumiwe. Ya nne ni ya heshima: kwa kuwa mtoto aweza kuwa jumbe na mjomba wake akawa dereva, wapatane mapema mambo yasiyoguswa, hususan msiba ambao haujapoa.

Wako wajuzi watakaohofu kwamba mchezo ukirahisishwa hivi utadhalilika. Nawaheshimu, lakini nawaomba watazame chini ya mkorosho: bao la kujifunza halikuliua bao la kiswahili, bali ndilo linaloliletea wachezaji, na ambaye leo huhesabu kete kwa kidole, kesho aweza kumfunga mwalimu wake. Mwenye hamu ya vitabu vinene atavifungua mwenyewe, akiisha kujua anatafuta nini ndani yake.

Msimulizi naye asipime kazi yake kwa idadi ya kaida alizofundisha. Na angoje asubuhi, bibi akiwa uani anapepeta mtama, asikilize kama atainua kichwa na kuuliza, “Na yule mkalimani, alipata kurudi kwa mama yake?”