Pikapu inakula mafuta kupita kiasi? Pima kabla hujamtuhumu dereva

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (Ewura) inapotangaza bei kikomo za mafuta Tanzania, wenye pikapu za biashara hufungua daftari. Wenzao wa Kenya hufanya hivyo tarehe 14, siku ambayo mamlaka ya huko, EPRA, hutoa bei zake.

Ndipo ugomvi unapoanza. Bosi anauliza kwa nini tangi lililokuwa likitosha safari mbili siku hizi halimalizi hata moja na nusu. Dereva anasema gari limechoka. Bosi anahisi dereva kapiga mafuta.

Mara nyingi wote wawili hawana ushahidi. Kuna watu wamepoteza kazi kwa hasara iliyosababishwa na breki inayoshika au tairi zisizo na upepo wa kutosha.

Haya ndiyo mambo yanayomaliza mafuta ya pikapu, na namna ya kuyapunguza bila kuingia gharama kubwa.

Kipimo cha tangi hadi tangi

Mshale wa mafuta kwenye dashibodi si kipimo cha kuhukumia mtu. Njia ya uhakika ni kujaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, kuandika kilomita zilizopo, kisha gari lifanye kazi yake ya kawaida. Tangi likikaribia kuisha, linajazwa tena, ikiwezekana sheli ileile na pampu ileile, mpaka ijikate.

Kilomita zilizotembewa zinagawanywa kwa lita zilizoingia mara ya pili. Mfano, pikapu imetembea kilomita 496 na imeingia lita 62. Hiyo ni kilomita 8 kwa lita.

Pikapu inayotembea kilomita 3,000 kwa mwezi kwa kiwango hicho inatumia lita 375. Ikifika kilomita 9 kwa lita, zinatosha lita 333. Tufanye lita moja ni Sh3,000: hizo lita 42 zilizobaki ni Sh126,000 kila mwezi, zaidi ya Sh1.5 milioni kwa mwaka.

Kipimo kirudiwe angalau mara tatu. Safari ya mlimani na mzigo wa nyanya haiwezi kulinganishwa na safari ya tambarare bodi likiwa tupu.

Mwenye gari aliyefunga tairi kubwa kuliko za kiwandani awe makini zaidi. Tairi kubwa huzunguka mara chache kwa kila kilomita, hivyo dashibodi husoma umbali mdogo kuliko uliotembewa. Gari litaonekana linakula mafuta kuliko hali halisi.

Mguu wa dereva

Wizara ya Nishati ya Marekani, nchi ambayo pikapu kubwa ni gari la kila siku, inaeleza kuwa kuendesha kwa pupa, yaani kukanyaga mafuta kwa nguvu na kufunga breki ghafla, kunaweza kupunguza umbali kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 barabara kuu. Kwenye foleni ni asilimia 10 hadi 40.

Sababu ni rahisi. Pikapu ni nzito. Mafuta yanachomwa ili kuipa mwendo, halafu breki zinaugeuza mwendo huo kuwa joto linalopotea hewani. Dereva anayeona taa nyekundu au tuta kwa mbali na kuachia mafuta mapema hupoteza kidogo sana.

Kusimama na injini ikiwaka nako kuna bei. Kwa makadirio ya wizara hiyo, gari lililosimama likiunguruma linaweza kumaliza takribani lita 1 hadi 2 kwa saa, kutegemea ukubwa wa injini na kama kiyoyozi kimewashwa. Kusubiri mzigo sokoni saa mbili kila siku ni tangi zima kabla mwezi haujaisha.

Tahadhari moja: dizeli yenye tabo iliyotoka kupanda mlima na mzigo iachwe iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili tabo ipoe.

Spidi na upepo

Pikapu ina kifua kipana na imekaa juu, hivyo upepo unaipiga vizuri. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na spidi. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, inaongezeka kwa asilimia 56. Ikifika 120, ni zaidi ya mara mbili ya ile ya 80.

Kwa safari ya kilomita 200, dereva anayetoka mwendo wa 100 kwenda 120 anaokoa dakika 20 tu, tena kama hakuna malori wala matuta. Kwa dakika hizo analipa upepo ulioongezeka kwa asilimia 44.

Kerieri ya juu nayo inachangia. Kama haina mzigo, ishuke. Turubai lililolegea na kupigapiga njiani lifungwe vizuri.

Mlango wa nyuma ushushwe au ufungwe?

Madereva wengi huamini kuwa kushusha mlango wa nyuma wa bodi kunaupa upepo njia ya kutoka. Inaingia akilini, lakini sivyo inavyokuwa.

Mlango ukiwa umefungwa, hewa iliyonaswa ndani ya bodi huzunguka kama mto wa hewa, na upepo unaotoka juu ya kabini unateleza juu yake. Ukishushwa, mzunguko huo unavurugika. Kipindi cha televisheni cha Marekani, MythBusters, kilijaribu pikapu mbili, na iliyofunga mlango ndiyo iliyofika mbali zaidi.

Mzigo usiolipa nauli

Jeki mbili, minyororo, matofali ya kuwekea tairi, madumu ya maji, mbao za safari iliyopita. Vyote hivi vinasafiri bure kwenye bodi kila siku. Makadirio ya Marekani ni kwamba kila kilo 45 za ziada hupunguza umbali kwa lita kwa takribani asilimia 1. Gari dogo huumia zaidi kuliko kubwa, lakini pikapu haijasamehewa.

Watengenezaji wanalijua hili. Ford ilipobadili bodi ya F-150 ya mwaka 2015 kuwa ya aluminiamu, ilitangaza kupunguza uzito hadi takribani kilo 318. Mwenye pikapu ya zamani hawezi kubadili bodi, ila anaweza kushusha vyuma asivyovitumia.

Tairi: upepo kwa mzigo uliopo

Kiwango sahihi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, si kiwango cha gari hilo.

Kwenye pikapu nyingi tairi za nyuma huhitaji upepo mwingi zaidi gari likibeba mzigo. Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa za baridi. Tairi laini hupinda zaidi linapozunguka, hupata joto na kuivuta injini nyuma. Likiwa na mzigo linaweza kupasuka, na hapo hasara si ya mafuta tena.

Gia ya kuvuta tairi nne

Hilux, D-Max na Land Cruiser pikapu nyingi zina kitufe au mti wa kuchagua H2, H4 na L4. Kwenye lami kavu, gari la aina hii linatakiwa kuwa H2.

Dereva aliyetoka kwenye tope na kusahau H4 anazungusha vyuma vya mbele bila sababu. Mbali na mafuta, kwenye kona vyuma hivyo hukazana na kuharibika. Magari yenye kufuli kwenye vitovu vya tairi za mbele nayo yafunguliwe baada ya tope kuisha.

Thamostati iliyotupwa na breki inayoshika

Gari likichemsha, baadhi ya mafundi hung'oa thamostati na kusema nchi za joto haihitajiki. Si kweli. Kifaa hicho huisaidia injini kufikia joto lake la kazi na kubaki hapo. Bila hicho, injini hukaa ya baridi kwa muda mrefu na kutumia mafuta mengi. Kama gari linachemsha, kitafutwe chanzo: rejeta iliyoziba, feni au pampu ya maji.

Breki inayoshika hujulikana kirahisi. Baada ya safari fupi, mtu asogeze kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko nyingine, hapo kuna tatizo.

Moshi mweusi kwenye dizeli ni mafuta ambayo hayakuungua vizuri. Fundi aanze na filta ya hewa, mipira ya tabo na nozeli. Taa ya injini ikiwaka dashibodi, isizibwe kwa stika. Sensa mbovu peke yake inaweza kuongeza matumizi kwa kiasi kikubwa.

Usishuke mlima na nyutro

Kuna wanaoshuka Kitonga au Sekenke na nyutro wakidhani wanabana matumizi. Kwenye injini za kisasa ni kinyume. Gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umeachia mafuta, kompyuta hukata mafuta na tairi ndizo zinazoizungusha injini. Likiwa nyutro, injini inabidi ichome mafuta ili isizime.

Kubwa zaidi, nyutro inaziachia breki kazi yote. Zikipata moto, zinakataa kushika, na pikapu yenye tani moja mgongoni haisimamishwi kwa honi.

Vifaa vya miujiza

Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vidonge vya kutumbukiza kwenye tangi, vifaa vya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari: vinauzwa sana mitandaoni. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo na ni vichache mno vilivyoonyesha nafuu yoyote. Fedha hiyo inatosha kununua geji ya upepo na filta mpya.

Wapi pa kuanzia

Wiki ya kwanza ni kupima bila kubadili chochote. Ya pili, kujaza upepo, kushusha vyuma na kupunguza spidi, kisha kupima tena. Kama namba haijasogea, gari liende gereji kwa breki, thamostati na nozeli.

Bosi na dereva waandike pamoja kwenye daftari moja: tarehe, kilomita, lita na aina ya mzigo. Baada ya miezi miwili, gari bovu litajionyesha lenyewe, kwani matumizi yake yatakuwa juu kila safari. Lita zikipotea safari hii na nyingine zisipotee, mzigo na njia vikiwa vilevile, hapo bosi ana haki ya kuuliza swali lake. Na dereva aliyekuwa akisingiziwa atakuwa na karatasi ya kuonyesha.