Je, Wajua? Upande wa Dereva Ndio Wenye Mandhari
Abiria anayeondoka kata ya Bagara, mjini Babati, kwa basi la Singida hufaidi zaidi akikaa upande wa dereva, kwa kuwa huko ndiko unakoonekana ukingo wa Bonde la Ufa, yaani mpasuko mrefu wa ardhi unaoikata Afrika Mashariki, ambao karibu na Dareda husimama kama ukuta. Baada ya Endasak, upande uleule hutokea Mlima Hanang, volkano iliyolala yenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ambayo kwa bahati mbaya mara nyingi hujifunika mawingu. Chini yake uko mji wa Katesh, ulioangukiwa na maporomoko ya tope, mawe na magogo tarehe 3 Desemba 2023.