Uteuzi wa Vyanzo vya Takwimu za Mvua kwa Modeli za Rasilimali za Maji: Mfano wa Mkiwa, Mkoa wa Singida

Mkiwa, katika Wilaya ya Ikungi, hujulikana zaidi kama njia panda ambapo barabara ya Itigi, Rungwa na Mbeya huachana na barabara kuu ya Dodoma–Singida. Kwa mtaalamu wa haidrolojia, eneo hili lina umuhimu mwingine. Limo katika Bonde la Kati, mojawapo ya mabonde tisa ya maji ya Tanzania, ambalo mito yake haifiki baharini bali huishia kwenye maziwa ya chumvi na mbuga za tope. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili, na Mkoa wa Singida kwa jumla hupata takribani milimita 500 hadi 800 kwa mwaka.

Katika mazingira ya namna hii, kosa dogo la mvua huwa kosa kubwa la maji. Ikichukuliwa, kwa mfano wa hesabu tu, kuwa mvua ya mwaka ni milimita 650, na milimita 610 kati yake hurudi angani kwa mvukizo au hupenya ardhini, kinachobaki kutiririka ni milimita 40. Kosa la asilimia 10 katika mvua ni milimita 65, yaani zaidi ya mtiririko wote unaotafutwa. Kibali cha kutumia maji au ukubwa wa lambo la mifugo unaweza kutegemea tarakimu hiyo.

Chanzo cha kwanza ni vipimamvua, ambavyo husimamiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, bodi za maji za mabonde na taasisi nyingine. Mwongozo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani hupendekeza angalau kipimamvua kimoja kwa kila kilomita za mraba 575 katika tambarare za bara. Kwa mkoa wenye kilomita za mraba zipatazo 49,000, hivyo ni vipimamvua takribani 85 vyenye rekodi zisizokatika. Mvua za radi za ukanda huu huweza kulowesha kijiji kimoja na kuacha cha jirani kikavu. Kwa hiyo kukadiria mvua ya Mkiwa kwa kutumia kituo cha Singida mjini pekee ni jambo lisilotetewa kirahisi mbele ya mtahini.

Pengo hilo ndilo hufanya satelaiti zivutie. CHIRPS, iliyotayarishwa katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, huanza mwaka 1981 kwa gridi ya takribani kilomita 5, na huchanganya joto la vilele vya mawingu na takwimu za vituo. TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading huanza mwaka 1983 kwa gridi ya takribani kilomita 4. Hii ya pili hutumia vipimo vya zamani kusawazisha makadirio, lakini haiingizi vipimo vya siku husika. Tofauti hiyo si ndogo. Idadi ya vituo vinavyoingia CHIRPS hubadilika mwaka hadi mwaka, na mabadiliko hayo yaweza kudhaniwa kuwa ya tabianchi. TAMSAT ina uthabiti zaidi kwa uchunguzi wa ukame, ila hupunguza mvua kubwa.

Kwa makalavati ya barabarani hali ni nyingine kabisa. Msingi wa CHIRPS ni makadirio ya siku tano tano ambayo baadaye hugawanywa kwa siku, ilhali korongo hufurika kwa saa chache. IMERG, yenye vipindi vya nusu saa na gridi ya takribani kilomita 10, inafaa zaidi hapa, ingawa rekodi yake ni fupi. ERA5 ya Ulaya hutoa mvua ya kila saa tangu 1940, lakini gridi yake ya takribani kilomita 30 hutawanya mvua ya radi ikawa manyunyu ya siku nyingi.

Udhaifu unaojitokeza mara nyingi katika tafiti ni kuteua chanzo kwa kuangalia tu ulinganifu wa mtiririko uliokokotolewa na uliopimwa. Modeli huweza kulazimishwa ilingane hata kwa mvua isiyo sahihi, kwa kupandisha au kushusha uwezo wa udongo kuhifadhi maji. Grafu hupendeza, na kosa limehamia kwenye vigezo. Hivyo mvua yenyewe ipimwe kwanza dhidi ya vituo ambavyo havikutumika kuitengeneza, na vigezo vilivyopatikana kwa chanzo kimoja visihamishiwe kwa kingine.

Ulinganisho huo nao una mtego wake. Kipimamvua husomwa saa tatu asubuhi, lakini siku ya satelaiti kwa kawaida huishia saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Mvua ya alfajiri huandikwa tarehe mbili tofauti, na chanzo kizuri huonekana kibaya. Kujumlisha kwa siku kumi kumi huondoa sehemu kubwa ya tatizo hili. Kwa ulinganisho wa siku moja moja, takwimu za nusu saa zijumlishwe upya kuanzia saa tatu hadi saa tatu.