Dalali au wakili? Kila mmoja ana kazi yake katika ununuzi wa ardhi

Mwananchi anayetafuta kiwanja Moshi mjini, shamba Kahe au kihamba Kibosho, mara nyingi hukutana kwanza na dalali. Dalali anajua nani anauza, bei inayokwenda na mahali eneo lilipo. Hiyo ni huduma yenye manufaa. Tatizo huanza pale dalali huyo huyo anapoandaa mkataba, kuleta mashahidi na kumhakikishia mnunuzi kwamba eneo halina mgogoro.

Tofauti kubwa kati ya wawili hawa ipo kwenye malipo. Dalali hulipwa biashara inapokamilika, na wapo wanaoongeza "cha juu" kwenye bei ya muuzaji bila mnunuzi kujua. Wakili hulipwa kwa kazi ya kuchunguza na kuandika, hata kama uchunguzi utamfanya amshauri mteja asinunue. Kwa sababu hiyo, swali la usalama wa eneo halipaswi kujibiwa na dalali peke yake.

Kiwanja chenye hati

Kwa kiwanja kilichopimwa na chenye hati miliki, wakili hufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ili kujua mmiliki ni nani na kama kiwanja kimewekwa rehani au zuio. Baada ya mkataba, husimamia malipo ya kodi TRA na uhamisho wa miliki. Uhamisho usiposajiliwa, jina linalobaki kwenye daftari ni la muuzaji, ingawa fedha zimekwishalipwa.

Kihamba na shamba la kijiji

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Idhini yake hutolewa katika kikao na kuandikwa kwenye muhtasari. Saini ya mwenyekiti peke yake si uamuzi wa Halmashauri. Mauzo yasiyo na idhini yanaweza kubatilishwa.

Aidha, kihamba hurithiwa ndani ya ukoo, na mara nyingi ndimo yalimo makaburi ya familia. Masale huonyesha mpaka, lakini hayaonyeshi nani ana haki ya kuuza. Ikiwa mwenye eneo ni marehemu, mnunuzi adai kuona barua ya mahakama ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi. Ikiwa muuzaji ana mwenza, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza huyo.

Kumchagua wakili

Muhuri wa wakili huthibitisha kwamba waliosaini wamesaini mbele yake. Haumpi muuzaji haki asiyokuwa nayo. Ni vyema mnunuzi achague wakili wake mwenyewe badala ya kutegemea aliyeletwa na muuzaji au dalali. Si kila mwanasheria ni wakili: jina lake lihakikiwe kwanza katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama.

Asiyemudu gharama anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na aulize utaratibu katika ofisi za halmashauri.

Wananchi wanashauriwa kumtumia dalali kutafuta eneo, Halmashauri ya Kijiji kupata idhini pale ardhi ni ya kijiji, na wakili kuchunguza na kuandika mkataba. Fedha zitolewe baada ya hatua hizo, na zipitie benki.