Jemadari wa Mpakani: Upanga ni wa Nani?

Msafiri atokaye Busia kwenda Mbale huuona mwamba wa Tororo ukiwa bado mbali. Wachache hukumbuka kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu kubwa ya nchi iliyo kaskazini yake ilikuwa chini ya jemadari mmoja, Semei Kakungulu.

Mwezi wa Aprili 1899 Kakungulu alishiriki kuwakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro. Kisha, kwa idhini ya Waingereza, akaelekea mashariki, akajenga ngome Budaka, na kuwagawia machifu wake nchi kwa mfano wa Buganda. Askari wake hawakulipwa na hazina ya serikali. Ujira wao ulikuwa ardhi na ng'ombe wa raia; kwa hiyo walimtii yeye aliyewapa. Naye akajiona ndiye Kabaka wa Bukedi.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1902, malalamiko ya raia yalipozidi, Waingereza walimwondoa Budaka. Alipewa ardhi Mbale, na mwaka 1906 akapelekwa Busoga kuongoza baraza la machifu: heshima kubwa, lakini mbali na watu wake wa silaha.

Jambo hili lilikwisha kuonekana Uchina. Nasaba ya Tang ilimkabidhi An Lushan majeshi ya majimbo matatu ya mpakani. Mwaka 755 aliyageuza dhidi ya mfalme wake, na vita havikwisha hadi 763. Mwaka 960 jemadari Zhao Kuangyin alitawazwa na askari wake mwenyewe, akaanzisha nasaba ya Song. Kwa kuwa aliijua njia aliyopitia, inasimuliwa kwamba mwaka 961 aliwaalika majemadari wenzake karamuni, akawashauri waache majeshi na kupokea mali na heshima. Kesho yake wakaomba kustaafu.

Hata hivyo, Song walizidisha tahadhari. Makamanda walihamishwa mara kwa mara hata hawakufahamiana na askari wao, na mwaka 1127 nusu ya kaskazini ya dola ilikwisha kutekwa na adui.

Funzo kwetu sisi wenye kubeba silaha ni hili: askari na kamanda wake sharti wajuane na kuaminiana, lakini mshahara utoke katika hazina ya umma, na kiapo kiwe kwa nchi. Ng'ombe wa raia akiwa posho ya askari, utii umekwisha kupata bwana mwingine.