Faiba Imefika Sebuleni, Chumbani Je?

Malalamiko ya watu waliounganishiwa faiba nyumbani yanafanana: sebuleni video inakwenda bila kukwama, chumba cha mwisho hata ujumbe wa sauti haupandi. Wengi hukimbilia kuongeza kifurushi, kutoka megabiti 20 kwa sekunde hadi 50. Hela inaondoka, chumba kinabaki vilevile. Faiba haina kosa hapo. Inaishia kwenye kisanduku, yaani ruta, alichofunga fundi wa kampuni ya intaneti, na fundi hukifunga pale waya ulipoingilia, mara nyingi nyuma ya televisheni. Kuanzia hapo kazi ni ya mawimbi ya redio, nayo yana kikwazo kikubwa: ukuta.

Na nyumba zetu zina kuta hasa. Boksi la kifaa cha WiFi hutaja mita za mraba kinazoweza kufunika, lakini halisemi chochote kuhusu tofali za saruji, nguzo za zege na nondo ndani yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita na zaidi, ukuta mmoja tu unaweza kumaliza kazi. Simtanki lililojaa maji, friji, kioo kikubwa cha kabati na mlango wa chuma navyo huzuia mawimbi.

Kabla hujanunua chochote, pima. Zipo programu za bure za simu zinazoonyesha nguvu ya WiFi kwa desibeli, kwa namba zenye alama ya kutoa. Chukua nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, Kimara au Mbezi. Ukisimama kando ya ruta unaweza kusoma −40. Tembea koridoni, inashuka hadi −58. Ingia chumba cha mwisho, funga mlango: −78. Kila desibeli 10 zinazopungua zinamaanisha nguvu imegawanywa kwa 10, kwa hiyo kati ya korido na kitanda nguvu imepungua mara 100. Simu ya video inataka −67 hivi, au namba iliyo karibu zaidi na sifuri.

Wakati mwingine dawa ni bure: itoe ruta nyuma ya televisheni, iweke juu ya kabati katikati ya nyumba, kisha pima tena. Isipotosha, ndipo mesh ina kazi.

Mesh ni vituo viwili au zaidi vinavyosambaza WiFi kwa jina moja na nywila moja, huku vikiwasiliana vyenyewe kwa vyenyewe. Kimoja huunganishwa na kisanduku cha faiba, vingine huwekwa mbali. Ukitembea na simu, inahama kituo bila wewe kugusa kitu, ingawa uamuzi wa kuhama ni wa simu yenyewe, na simu za zamani hung'ang'ania kituo cha mbali.

Kosa ninaloliona kila mara ni kuweka kituo cha pili ndani ya chumba kile chenye shida. Kituo hakizalishi intaneti, kinaipokea na kuipitisha. Kikikaa mahali penye −78, kitapokea kidogo na kugawa hicho hicho kidogo, na simu itaonyesha mistari yote imejaa huku video ikizunguka tu. Mahali pake ni njiani, pale koridoni penye −58, mlango wa chumba ukiwa mbele yake.

Utasikia pia kwamba vituo vinapowasiliana bila waya, kasi hupungua kwa nusu. Ni kweli kwa vifaa vinavyotumia redio ileile kupokea na kutoa. Lakini kama vituo vinasikilizana vizuri kwenye gigahezi 5 na kubeba megabiti 300, nusu yake bado ni mara tatu ya kifurushi cha 50. Kwa nyumba nyingi za kwetu, basi, sioni sababu ya kulipia mesh ya gharama kubwa yenye redio tatu. Fedha hiyo ningeipeleka kwenye waya. Kebo ya Cat6 kutoka kisanduku hadi kituo cha pili hubeba gigabiti moja kwa umbali wa mita 100, na haijali zege. Nyumba ya ghorofa inaihitaji zaidi, maana sakafu ya zege yenye nondo ni kikwazo kigumu. Anayejenga sasa amwambie fundi umeme apitishe bomba tupu hadi koridoni na juu kabla ya plasta. Baadaye ni kuchimba ukuta uliokwisha pakwa rangi.

Baada ya kufunga, zima WiFi ya ruta ya kampuni, na mesh uiweke isambaze tu bila kugawa anwani za mtandao. Zote mbili zikigawa, printa au kamera iliyounganishwa upande mmoja haitaonekana upande wa pili.

Kisha umeme. LUKU ikiisha, kila kituo huzimika pamoja na kisanduku. Betri ndogo za volti 12 zinazouzwa kwa ajili ya ruta zinatosha vingi vya vifaa hivi, ila soma kwanza volti na ampea zilizoandikwa kwenye adapta ya kila kimoja. Anza na kisanduku cha faiba pamoja na kituo cha kwanza. Cha koridoni kikiwa na betri peke yake hakina cha kusambaza.